Madirisha Mawili ya Namanga: Tathmini ya Kituo cha Pamoja cha Mpakani kwa Macho ya Muuza Vitunguu

Kitunguu chekundu cha Mang'ola, wilayani Karatu mkoani Arusha, kilichokaushwa vizuri hadi shingo yake ikasinyaa kinaweza kukaa ghalani kwa muda mrefu bila kuharibika, lakini kikishafungiwa ndani ya gunia na kupangwa kwenye lori chini ya turubai, maisha yake huanza kuhesabiwa kwa saa. Siku ya kwanza gunia bado linapumua. Siku ya pili, hasa jua la mchana likiwa limelichoma turubai, ukipenyeza mkono katikati ya magunia unakutana na joto na unyevunyevu, na harufu yake si ile uliyoiacha shambani. Siku ya tatu mnunuzi wa soko la Marikiti jijini Nairobi huteua gunia moja la katikati, akatoa kitunguu kimoja na kukibonyeza shingoni kwa kidole gumba, kisha akataja bei ambayo mwenye mzigo hana raha ya kuikubali wala nguvu ya kuikataa.

Nimeanza na kitunguu kwa sababu huduma ninayotaka kuitathmini, yaani Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilichopo Namanga, kwa kawaida huelezwa kwa lugha ya mikutano: kukuza biashara ya kikanda, kuongeza tija, kuimarisha utangamano wa Afrika Mashariki. Maneno hayo ni ya kweli na ninayaamini, ila mtu aliyepakia mzigo huyapima kwa kipimo kimoja tu, nacho ni saa ambazo lori lake limesimama. Nimekuwa nikipeleka vitunguu Kenya kwa miaka kadhaa, mwanzoni peke yangu kwa Canter ya kukodi, na sasa nikiwa mmoja wa wafanyabiashara saba wa Karatu tunaochangia lori moja la Fuso. Ninayoyaandika hapa nimeyapata njiani, na ninayaandika hasa kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado anauza mzigo wake kwa dalali wa Arusha kwa sababu ameambiwa kwamba mpaka ni kazi kubwa.

Namanga ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Upande wa kusini ni wilaya ya Longido mkoani Arusha, upande wa kaskazini ni kaunti ya Kajiado, na mlima Ol Doinyo Orok unaitazama pande zote mbili bila kuchagua. Wamasai wanaolisha mifugo huko ni ndugu wa pande zote mbili, na kina mama wanaouza shanga kando ya barabara huhesabu shilingi ya Tanzania na ya Kenya kwa wepesi ambao mhasibu angeuonea wivu. Hata hivyo mstari huo umewahi kuwa ukuta. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mzee wangu aliyekuwa akinunua ng'ombe ukanda huo katika miaka ile hakuwa na neno la siasa la kulieleza jambo lenyewe. Alisema tu kwamba watu waliokuwa wakizikana na kuozana walianza kuonana kwa kujificha.

Jumuiya ya sasa ilianza upya kwa mkataba uliotiwa saini Arusha Novemba 1999, ikafuatiwa na Umoja wa Forodha ulioanza kufanya kazi Januari 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010. Kwenye karatasi, kwa hiyo, kitunguu cha Karatu kilikuwa na haki ya kuingia Nairobi bila ushuru wa forodha muda mrefu kabla ya jengo jipya kusimama Namanga. Tatizo halikuwa kiwango cha ushuru. Tatizo lilikuwa kwamba lori lilisimama mara mbili: kwanza upande wa Tanzania, ambako dereva alishuka, akapanga foleni ya Uhamiaji, foleni ya forodha na foleni ya ukaguzi wa mazao, kisha akasogea hatua chache tu na kuyaanza yote upya upande wa Kenya, mbele ya maofisa walioyauliza maswali yale yale kana kwamba gari limetoka mwezini. Makosa madogo yalikuwa mabaya kuliko makubwa. Tarakimu moja ya namba ya gari ikikosewa kwenye hati ya kutokea, ofisa wa upande wa pili hakuwa na njia ya kumuuliza aliyeiandika, hivyo dereva alirudishwa nyuma kwa miguu, akiwa ameshika karatasi, jua likiwa juu ya turubai.

Kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na marais wa wakati huo, John Magufuli na Uhuru Kenyatta, kikiwa sehemu ya mradi wa barabara ya Arusha, Namanga hadi Athi River uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wazo lenyewe halikuzaliwa kwetu, kwani Zambia na Zimbabwe zilikwisha kulijaribu Chirundu tangu mwaka 2009. Jumuiya yetu ililiwekea sheria yake mwaka 2016. Utaratibu ni rahisi kuueleza. Msafiri au mzigo unaotoka Tanzania hausimami kwenye jengo la Tanzania. Unapita moja kwa moja hadi jengo lililopo upande wa Kenya, na humo ndani maofisa wa Tanzania wanakugongea mhuri wa kutoka, na maofisa wa Kenya, kwenye dirisha linalofuata, wanakugongea mhuri wa kuingia. Anayetoka Kenya kwenda Tanzania hufanya hivyo hivyo kwenye jengo la upande wa Tanzania. Sheria inamruhusu ofisa wa Tanzania kutumia sheria za nchi yake akiwa amekaa kwenye ardhi ya Kenya, ndani ya eneo maalumu la udhibiti, na Mkenya vivyo hivyo kwenye ardhi yetu. Ukitafakari kwamba ni nchi mbili zilizowahi kufungiana milango kwa miaka sita, utaona kwamba hilo si jambo dogo.

Kuna tukio moja la nusu dakika ambalo kwangu linaeleza tija ya kituo hiki kuliko maelezo mengine yote. Nilikuwa nimesimama dirishani na dereva wetu, na ofisa wa Kenya, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, akaona kwamba namba ya tela kwenye hati moja haifanani na iliyopo kwenye hati ya pili. Moyo wangu ulishtuka kwa mazoea ya zamani. Yeye hakuturudisha popote. Aligeuka kwenye kiti chake na kumwuliza jirani yake wa Tanzania, "Kaka, hili gari mmeshaliachilia? Namba ya tela hapa ni tofauti." Yule kaka akainama kwenye kompyuta yake, akasema, "Tumeshaliachilia dada, hiyo ya kwako ndiyo sahihi, hii ya juu imekosewa kuandikwa," akasahihisha, akasaini pembeni, na karatasi ikaendelea na safari yake. Hapakuwa na mkutano wala barua. Walikuwa watu wawili wa serikali mbili waliokaa kwa umbali wa mkono mmoja, na swali ambalo zamani lingetugharimu nusu siku likaisha kabla utingo hajarudi na chai.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaolisifu jengo. Jengo ni zuri, ni safi, lina paa refu la kukinga jua na maegesho mapana ya malori, lakini jengo peke yake lingekuwa foleni mbili chini ya paa moja. Kinachofanya kazi ni kule kukubali kwa upande mmoja kwamba alichokiona mwenzake kimeonekana, na hakuna haja ya kukitazama tena kama mgeni. Penye makubaliano ya namna hiyo, mzigo unapita. Yasipokuwepo, kituo hiki hiki chenye madirisha haya haya kinageuka mpaka wa zamani. Tuliliona hilo Mei 2020, wakati wa korona, serikali mbili zilipotofautiana juu ya majibu ya vipimo vya madereva, na malori yakakwama Namanga hadi viongozi wa pande zote mbili wakakaa pamoja kulimaliza. Kituo kilikuwa hakijatimiza miaka miwili tangu kizinduliwe, na hakuna tofali lililokuwa limeanguka.

Kwa biashara yetu faida inahesabika kwa safari. Lori la kukodi hulipwa kwa safari, lakini mwenye lori hupanga bei yake kwa siku atakazokuwa nje, na akishahofia kulala mpakani huingiza usiku huo kwenye bei hata kama hatimaye hakulala. Tulipoanza kupita kwa saa chache na si kwa siku, jambo la kwanza kubadilika halikuwa bei ya kitunguu Nairobi. Lilikuwa mazungumzo yetu na mwenye lori. Jambo la pili ni kwamba tuliweza kupanga siku ya kufika. Tukiondoka Karatu mchana, tukapita Makuyuni na Arusha jioni, tukavuka Namanga usiku kwa kuwa kituo hufanya kazi saa 24, dereva huingia Kitengela na Athi River kabla ya foleni ya asubuhi ya Nairobi, na mzigo hufika sokoni wakati wanunuzi bado wana fedha mkononi. Mkulima wa Mang'ola hajui lolote kuhusu sheria ya mwaka 2016, ila ameona kwamba tunarudi kununua mapema zaidi, na kwamba hatumkati tena "kitu kidogo cha kuoza" ambacho zamani tulikitoa kwenye bei yake tukijikinga na hasara ya njiani. Mimi naiita hiyo tija, na imetokea bila kuongeza ekari hata moja.

Huduma inayostahili sifa ya pekee ni cheti rahisi cha uasili kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizopo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinavuka bila ushuru wa forodha kwa fomu fupi inayojazwa pale pale mpakani, bila ulazima wa kumlipa wakala wa forodha. Kwa mama mwenye magunia machache ya kitunguu au matenga ya nyanya, fomu hiyo ndiyo tofauti kati ya kupita barabarani mchana na kupita njia za panya usiku, ambako hakuna ushuru lakini pia hakuna risiti, hakuna wa kumlalamikia, na mzigo ukikamatwa umepotea wote. Wengi bado hawaijui. Nimekutana na dada zetu wa Longido ambao wamevuka kwa miaka mingi wakiamini kwamba kila anayevuka kihalali lazima awe na kampuni.

Lakini kiwango hicho cha dola 2,000 kina tatizo ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Chukua Canter yenye magunia 30 ya kilo 100, yaani kilo 3,000. Kitunguu kikiwa shilingi 1,500 kwa kilo, mzigo una thamani ya shilingi 4,500,000, na ikiwa dola moja ni shilingi 2,500, hiyo ni dola 1,800; unapita kwa cheti rahisi. Bei ikipanda hadi shilingi 2,000 kwa kilo, magunia yale yale 30, kutoka shamba lile lile, kwenye gari lile lile, yanakuwa na thamani ya dola 2,400, na mfanyabiashara mdogo anahesabiwa mkubwa kwa siku moja. Maana yake ni kwamba msimu ambao bei ni nzuri, ambao ndio mtu angepata mtaji wa kukua, ndio msimu anaosukumwa ama kwenye utaratibu mrefu asioujua, ama kwenye kishawishi cha kuandika thamani isiyo ya kweli, ama kwenye njia ya panya. Ningependa kuona nchi wanachama zikikubaliana kupima mazao mabichi ya wafanyabiashara wadogo kwa uzito badala ya thamani, kwa sababu kilo haipandi wala haishuki na msimu.

Sisi saba tulipoungana na kuanza kupakia Fuso moja, tulikiacha cheti rahisi na kuingia kwenye utaratibu kamili: cheti kamili cha uasili, tamko la forodha, cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza mazao upande wa Kenya, vyote vikiandaliwa kabla ya lori kuondoka. Kuungana kumetuletea nauli nafuu na sauti mbele ya wanunuzi, na kwa kweli sijutii, ila kulitufundisha somo moja kwa uchungu. Katika masika ya mwaka mmoja, kwenye mpaka ambao haukuwa huu, wakala tuliyemlipa aliandika idadi ya magunia mahali panapotakiwa uzito kwa kilo. Hati ikasema mzigo wa kilo 90. Hakuna ofisa mwenye akili timamu ambaye angeliachilia lori la tani tisa kwa hati ya kilo 90, na siwalaumu walioturudisha. Wakala hakupokea simu hadi kesho yake. Tulikaa usiku ule tukifunua turubai upepo uingie na kulifunika tena mvua ilipodondoka, na tulipofika sokoni tuliuza theluthi moja ya mzigo kwa bei ya kupikia pilau la msiba. Tangu hapo mmoja wetu husoma kila hati mstari kwa mstari, kwa sauti, mbele ya wengine sita, kabla injini haijawashwa. Ninamshauri kila anayetumia vituo hivi afanye hivyo, kwa kuwa kituo cha pamoja huharakisha hati iliyo sahihi, na iliyokosewa inabaki pale pale.

Suala la uzito linanipeleka kwenye lumbesa, na nitalisema hapa ingawa si kosa la kituo. Fomu ya mpakani hudai kilo. Soko huuza kwa gunia. Na gunia lenyewe likivimbishwa kwa nyavu juu yake halijulikani tena ni kilo 100 au 130. Tanzania imepiga marufuku lumbesa, na wakulima wa Kenya nao wanailalamikia kwa jina hilo hilo katika viazi, lakini mnunuzi akizoea gunia la kuvimba upande mmoja hulidai upande wa pili pia. Mkulima anayefuata sheria hupunjwa na asiyeifuata. Kipimo kimoja kinachosimamiwa kwa pamoja, kuanzia ghala la Karatu hadi kibanda cha Marikiti, kingemsaidia mkulima kuliko semina nyingi za masoko.

Ushirikiano unapoishia ndipo muda unapoanza kupotea tena, na sehemu hiyo ni ukaguzi wa ubora na usalama wa chakula. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, vipimo na ubora inazitaka nchi zitambue alama za ubora za wenzao, na kwa bidhaa za viwandani mambo yamekwenda vizuri kiasi. Kwa mazao bado kila upande hupenda kuona kwa macho yake. Mfano ambao kila mfanyabiashara wa nafaka anaukumbuka ni Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti, na uhusiano ukapata uhai mpya baada ya ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan jijini Nairobi Mei mwaka huo. Sumukuvu si hadithi. Inaua, na mlaji wa Kenya ana haki ya kulindwa kama mlaji wa Dodoma. Hoja yangu ni kwamba maabara mbili zenye njia moja ya kuchukua sampuli na kuaminiana kwa majibu zingemlinda mlaji vizuri zaidi kuliko katazo la ghafla, ambalo huwaacha waaminifu na malori yao barabarani na kuwapa kazi wenye njia za panya, ambao mahindi yao hayapimwi na yeyote.

Kwa upande wa watu, Namanga imeniridhisha. Maofisa wa Uhamiaji wa pande zote mbili wanakaa kwenye ukumbi mmoja, na mtu mwenye hati kamili na kadi ya chanjo ya homa ya manjano hachukui muda. Kinachonisikitisha kiko juu ya uwezo wa ofisa wa dirishani: Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana tangu mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, ilhali Mtanzania bado anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wenzangu wawili katika wale saba wana vitambulisho vya taifa vilivyo halali na alama za vidole serikalini, na bado kila wakitaka kwenda kumwona mnunuzi wetu hulazimika kushughulikia hati nyingine. Kitunguu chao kimekuwa na uhuru wa kusafiri kabla yao.

Nimeulizwa mara nyingi kama Holili na Taveta ni bora. Kituo hicho kilianza mapema zaidi, mwaka 2016, na kwa anayetoka Moshi au Rombo akielekea Voi na Mombasa ndiyo njia yake ya asili. Kwa mzigo wa Nairobi unaotokea Karatu au Babati, umbali unakuamulia, na Namanga inabaki kuwa chaguo langu. Anayepeleka ndizi Kenya kutoka Kilimanjaro atakuwa na maoni yake, na ayasikilize ya wenzake wa huko kabla ya yangu.

Kwa anayeanza, ningesema hivi. Usiende mpakani kuuliza. Uliza kwanza ofisi za forodha na za afya ya mimea zilizo karibu nawe, kwa sababu hati inayokosekana Namanga mara nyingi hutolewa Arusha. Mzigo ukiwa mdogo na upo kwenye orodha, taja mwenyewe dirishani kwamba unataka cheti rahisi cha uasili, maana asiyeomba anaweza kuelekezwa kwa wakala. Weka nakala ya kila hati kwenye simu ya dereva na ya utingo. Kausha kitunguu hadi shingo ifunge, hata kama soko linakuita, kwa sababu hakuna kituo cha pamoja kitakachokausha kitunguu kibichi. Na ukipata huduma nzuri, mshukuru ofisa kwa jina lake la kazi na uandike maoni yako kwenye sanduku. Ukipata mbaya, andika pia, pande zote mbili, kwa kuwa sasa wana jengo moja na hawawezi tena kutupiana lawama ng'ambo ya mstari.

Ninakipendekeza kituo hiki bila kusita kwa mfanyabiashara wa mazao wa kanda ya kaskazini. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki naizuia kwa ajili ya ukaguzi wa mazao unaofanywa mara mbili, kwa ajili ya kiwango cha cheti rahisi kinachomwadhibu mtu bei inapokuwa nzuri, na kwa ajili ya wenzangu wawili wenye vitambulisho visivyovuka. Alhamisi ijayo tunapakia magunia 90 ya Mang'ola. Hati zimekwisha kusomwa mara mbili, uzito umeandikwa kwa kilo, na mnunuzi wa Marikiti ameahidi kuwa kibandani kwake alfajiri ya Ijumaa.